Ziara Yetu ya Misali na Swali Lililoturudisha Darasani

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (SW), Muumba wa mbingu, ardhi na bahari na vyote vilivyomo ndani yake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake wote. Amma baad.



Kila mwaka jarida letu huwa na makala ya ziara ya madrasa. Aghlabu makala hizo hueleza tulikokwenda, tulichokiona na tulichokula, kisha humalizia kwa shukrani. Mwaka huu nasi tutaeleza hayo, lakini tutaongeza jambo moja. Katika ziara hii mwanafunzi wetu mmoja alituuliza swali ambalo sisi walimu lilitushinda kulijibu pale pale. Tumeona ni vyema tulieleze swali hilo na yaliyofuata baada yake, kwani huenda nyumba nyingi zinalo na hazijalitamka.

KWA NINI MISALI

Misali ni kisiwa kidogo kilichopo magharibi ya Pemba, mkabala na Chake Chake, kiasi cha kilomita 10 hivi kwa bahari. Ukubwa wake haufiki kilomita moja ya mraba. Hakuna mji wala kijiji. Wanaolala huko ni walinzi wa hifadhi na wavuvi wanaoweka dago kwa siku chache. Mwaka 1998 kisiwa hiki pamoja na bahari inayokizunguka vilifanywa kuwa eneo la hifadhi, na mwaka 2005 vikaingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba, inayojulikana kwa jina la PECCA.

Sisi tulikuwa na sababu yetu ya kukichagua. Wanafunzi wakubwa walikuwa wanasoma tafsiri ya Suratul Kahf, na walikuwa wamefika kwenye kisa cha Nabii Musa (AS) na yule mja mwema ambaye wanazuoni wanamtaja kwa jina la Khidhri. Wazee wetu wa Pemba nao wana hadithi yao inayomhusisha Khidhri na Misali. Basi tukasema, badala ya kuisikilizia hadithi hiyo darasani, twende tukaisikilize mahali pake.

RUHUSA YA WAZEE

Kazi ya kwanza haikuwa nauli, ilikuwa ni kupata ruhusa. Msomaji wa mbali huenda akashangaa kuwa watoto wa kisiwani wanaogopeshwa bahari. Lakini sisi Wapemba hatujasahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja Pemba. Wala hatujasahau Julai 2012, meli ya Skagit ilipozama ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Ni familia chache hapa kwetu ambazo hazikuguswa.

Bibi mmoja, ambaye mwaka 2011 aliondokewa na mtoto wake na mkwe wake, alikuja madrasa akiwa amemshika mjukuu wake mkono. Akatwambia, "Maalim, huyu ndiye niliyebakishiwa. Mkimpeleka mtanirejeshea?" Tulinyamaza. Hakuna mwenye uwezo wa kutoa ahadi hiyo. Tulimwambia tu yale tuliyoweza kuyafanya: tutakwenda wakati wa demani bahari ikiwa shwari, tutakodi boti mbili badala ya moja, hatutapakia kuzidi kiwango, na kila mtoto atavaa koti la kujiokolea kuanzia pwani mpaka pwani. Akafikiri, kisha akasema, "Funga ngamia wako, kisha tawakali. Haya, nendeni naye." Alitukumbusha mafunzo ya Mtume (SAW) ambayo sisi ndio tuliopaswa kumkumbusha yeye.

NJIANI

Tuliondoka Wesha asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Tulikuwa wanafunzi 34 na walimu watano, wakiwemo maustadhati wawili waliowasimamia wasichana katika boti yao. Tulisoma dua ya safari kwa pamoja. Wanafunzi wadogo waliisoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote, na tulielewa sababu yake.

Nahodha wetu alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache. Tulipokuwa tunatoka kwenye ghuba alitunyooshea kidole upande wa kulia, kwenye rasi ndefu yenye minazi. Hapo ni Ras Mkumbuu. Yapo magofu ya msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo ya Waislamu waliokuwepo kabla yetu kwa mamia ya miaka. Katika karne ya 10 msafiri wa Kiarabu Al-Masudi aliandika habari za kisiwa cha pwani hii alichokiita Kanbalu, chenye wakaazi Waislamu, na baadhi ya wataalamu wa mambo ya kale wanaona kuwa ni hapa Pemba. Tuliwaambia wanafunzi waangalie vizuri. Mara nyingi mtoto wa kwetu hudhani kuwa historia ya Uislamu ni ya Bara Arabu tu. Kumbe ipo kwenye mdomo wa ghuba anayoogelea.

KISIWANI

Baada ya kiasi cha dakika 45 tukafika. Mchanga ni mweupe, na maji ni mepesi kiasi cha kuona kivuli cha boti chini yake. Walinzi walitupokea vizuri, wakatukalisha chini ya kivuli na kutueleza masharti: tusivunje matumbawe, tusichukue kombe wala kauri walio hai, tusiwashe moto ovyo, na tusiache takataka. Tulichukua magunia mawili kwa ajili ya takataka, tukajiona tumejiandaa vyema. Msomaji alikumbuke jambo hili la magunia, maana tutalirudia.

Tulitembea kwa mguu kwenye njia za msituni. Tuliona mibuyu mikubwa inayohitaji watoto kadhaa kushikana mikono ili kuizunguka, na tukaona tumbili wakituchungulia. Ndege anayeitwa kulukulu tulimsikia sauti yake tu. Tulioneshwa pia mapango. Mlinzi alitueleza kuwa wapo watu wanaofika kwenye mapango hayo na ubani na vyakula, wakiomba riziki ya bahari kwa mizimu. Hapo tulisimama na kuwakumbusha wanafunzi wetu kuwa dua ni ibada, na ibada haelekezewi isipokuwa Mwenyezi Mungu peke Yake. Anayetaka samaki amuombe Aliyewaumba samaki.

Wavulana, lakini, walikuwa na lao. Walikwisha kusikia hadithi ya haramia wa Kiskoti, William Kidd, ambaye inasemekana alificha hazina yake Misali kabla ya kunyongwa London mwaka 1701. Watatu kati yao walikuja na kijiko cha chuma cha kuchimbia, wamekificha ndani ya mkoba wa juzuu. Tulikichukua. Mlinzi akacheka akasema, "Wanangu, hazina ya hapa haichimbwi. Ukiichimba inakufa." Kisha akatupeleka pwani kutuonesha anachokikusudia.

Ufukwe huo ndio anaopanda kasa kutaga. Kasa wa kijani na ng'amba wote hutaga hapa. Kasa hufukua shimo usiku, hutaga mayai yanayoweza kuzidi 100, huyafukia kisha hurudi baharini. Baada ya kiasi cha miezi miwili vitoto hutoka na kukimbilia majini. Mlinzi alitwambia kuwa joto la mchanga ndilo linaloamua watoto watakuwa dume au jike, mchanga wa moto ukitoa majike zaidi. Tena, mtoto anayetoka leo huenda akahitaji miaka 20 au 30 kabla ya kuweza kurudi kutaga mwenyewe. Mwanafunzi mmoja akapiga hesabu ya vidole, akasema, "Basi nitakuwa na umri kama wa Maalim!" Tulicheka sote, lakini hesabu ilikuwa sahihi. Anayekula mayai ya shimo moja amekula kasa wa miaka 30 ijayo.

Sisi walimu hatukucheka sana. Miongoni mwetu wapo waliolishwa mayai ya kasa utotoni na wakayapenda. Hatukuwa na elimu hiyo wakati ule, wala hakuna aliyetueleza. Tuliona ni uungwana kuwaambia wanafunzi ukweli huo, wasije wakadhani kuwa walimu wao walizaliwa wameshakatazika.

Mchana, wavulana upande mmoja na wasichana upande mwengine, tulipokezana miwani minne ya kuangalia chini ya maji. Mwamba wa Misali una zaidi ya aina 300 za samaki. Tuliwaona pono wakiutafuna mwamba, chewa amejificha kwenye tundu lake, na samaki wengine ambao hatukuwajua hata kwa majina. Wengi wetu tulijifunza siku hiyo kuwa matumbawe si mawe. Ni viumbe hai, na zipo aina zake ambazo hukua kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Nanga moja ikitupwa vibaya inavunja kilichojengwa tangu babu hajazaliwa. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, joto la bahari lilizidi na matumbawe mengi ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yakageuka meupe. Mengine yalipona, mengine yalikufa.

MSALA

Adhuhuri iliingia tukiwa ufukweni. Tulitia udhu kwa maji ya bahari, tukiwakumbusha wanafunzi yale aliyoyafundisha Mtume (SAW), kuwa maji yake ni twahara na kilichokufa ndani yake ni halali. Mwanafunzi mmoja akauliza kama tutafupisha sala kwa kuwa tumesafiri. Tukamweleza kuwa umbali wa Misali haufiki umbali wa kufupishia, kwa hiyo tukasali rakaa nne. Mikeka haikutosha. Wasichana walipewa iliyokuwepo na sisi tukasali juu ya mchanga.

Baada ya sala ndipo nahodha alipotusimulia hadithi ya wazee. Wanasema kuwa Khidhri alifika kisiwani hapa, akawakuta wavuvi, akawaomba msala ili asali. Wavuvi hawakuwa nao. Akawaambia hapana neno, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea kibla basi kisiwa chote ndio msala wake. Kutokana na neno hilo, wanasema, kikaitwa Misali.

Tuliwaeleza wanafunzi kuwa hadithi hii haimo katika Qur'ani wala katika hadithi sahihi za Mtume (SAW). Ni masimulizi ya wazee, yanahifadhiwa kama masimulizi na hayafanywi kuwa itikadi. Lakini maana yake inakubaliana na jambo lililo sahihi: umma huu umefanyiwa ardhi yote kuwa pahala pa kusalia. Tulitoa dira tukapima. Makka na Misali zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na ndiyo sababu wazee wa pwani yetu waliuita upande wa kaskazini "kibla" hata walipokuwa wanataja mpaka wa shamba.

Kisha tukauliza: mtu mwenye msala wake anaufanyaje? Wakajibu: anaukung'uta, anaukunja, hatii uchafu, haukati kipande akauza. Tukasema basi hilo ndilo somo la leo. Tulidhani tumemaliza.

SWALI

Wakati wa chakula tulikula mihogo na changu wa kukaanga. Tulimuona mwanafunzi wetu mmoja, mtoto wa miaka 11, amemsogeza samaki pembeni ya sahani na anakula muhogo mtupu. Tukamuuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Tulipomvuta pembeni, mbali na wenzake, akatwambia kwa sauti ndogo, "Maalim, mlinzi amesema ile sehemu ya mwamba imefungwa, hairuhusiwi kuvuliwa. Baba yangu huenda kule usiku. Sisi nyumbani tunakula samaki wa kule. Je, tunakula haramu?"

Jina lake hatulitaji. Mzee wake ametupa ruhusa ya kuandika habari hii kwa sharti hilo.

Ndugu wasomaji, sisi tumesoma, tuna vyeti vyetu ukutani, lakini tuliona uzito ambao hatukuutegemea. Kusema "ndiyo" ni kumvunjia mtoto heshima ya baba yake. Kusema "hapana" na kuishia hapo ni kuyafuta yote tuliyoyafundisha asubuhi. Tulimwambia mambo mawili tu. La kwanza, wewe ni mtoto, huna dhambi kwa unacholishwa na mzee wako, basi kula. La pili, swali lako ni zuri na tutakujibu, lakini si leo. Alikula kidogo.

JAWABU

Tuliporudi tulimuendea sheikh wetu mkubwa, anayetuongoza katika mambo kama haya. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akatufafanulia. Samaki kwa asili yake ni halali, wala hageuki kuwa nguruwe kwa kuvuliwa upande huu wa mwamba. Lakini kitendo cha kumvua mahali ambapo watu wamekubaliana kupafunga kwa maslahi ya wote ni kosa, kwa sababu ni kuvunja ahadi na ni kuwadhuru wengine, na katika dini yetu hakuna kudhuru wala kudhuriana. Mtoto anayekula hana lawama. Mzee naye asihukumiwe kabla ya kusikilizwa.

Katika darasa lililofuata tulirudi kwenye Suratul Kahf bila ya kumtazama mtoto yeyote. Khidhri alipanda jahazi la maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, akalitoboa. Nabii Musa (AS) hakuvumilia, akaona ni ubaya uliodhahiri. Baadaye ndipo alipofahamishwa kuwa mbele yao alikuwepo mfalme aliyekuwa akilinyang'anya kila jahazi zima. Tundu lile liliwasalimishia maskini riziki yao.

Tukawaambia wanafunzi: kuifunga sehemu ya mwamba ni mfano wa tundu lile. Mvuvi maskini analiona ni hasara, na kweli leo ni hasara. Lakini samaki wanaoachwa hapo wakakua, wakazaa, hawatambui mpaka. Hutoka nje wakaingia kwenye dema na mshipi wa yule yule aliyezuiliwa. Na "mfalme" anayekuja kunyang'anya ni juya lenye macho madogo, ni utupa na ni baruti, visivyobakisha kitu.

Mwanafunzi wetu alisikiliza bila ya kusema neno. Tulidhani, kwa mara ya pili, kuwa tumemaliza.

MZEE WAKE ALIPOKUJA

Siku chache baadaye, baada ya sala ya Isha, mzee wake alikuja madrasa. Hakukaa. Alisema, "Maalim, mwanangu hataki kula samaki nyumbani kwangu. Nataka kujua mmemwambia nini kuhusu baba yake."

Tulimueleza yote, hatukuficha. Tulimwambia kuwa jina lake halikutajwa na halitatajwa. Alinyamaza kwa muda, kisha akaketi kwenye mkeka.

"Hifadhi mimi naijua kabla yenu," alisema. "Nilikuwemo kwenye mikutano ya mwanzo, tulipoelezwa mambo haya kwa Qur'ani. Ile sehemu ilipofungwa na mimi nilinyoosha mkono kukubali. Nikakaa miaka siendi. Lakini wengine wanakwenda usiku na majuya, wanarudi boti zimejaa. Mimi nikiacha, wao hawaachi. Wanangu wanakula heshima yangu?"

Hatukuwa na jawabu jepesi la kumpa. Tulimwambia kuwa kosa la mwengine halilifuti la mtu, na yeye analijua hilo kuliko sisi. Lakini pia tulimwambia kuwa tunafahamu ni vizito kuwa mkweli peke yako baharini usiku, na mtoto anangoja nyumbani.

Akatutazama, akasema, "Na nyinyi, zile chupa zenu mlizoziacha Wesha, nani wa kuziondoa?"

Hapa ndipo tunaporudi kwenye yale magunia mawili. Kisiwani tuliokota takataka zote, zetu na za wengine, tukajaza magunia na kupiga nayo picha. Tulipofika Wesha magharibi, watoto wamechoka na gari inangoja, tuliyaweka kando ya ngazi tukisema kesho atakuja mtu kuyachukua. Hakuna aliyekuja. Maji yalijaa usiku, magunia yakafunguka, na chupa zikaenda na maji mpaka kwenye mikoko. Mzee huyu aliziona alipokuwa akisukuma chombo chake alfajiri. Alizijua kuwa ni zetu kwa sababu juu ya magunia tuliandika jina la madrasa.

Tuliona haya ambayo hatukuwahi kuyaona mbele ya mzee wa mwanafunzi. Tulikuwa tumeusafisha msala wa Misali na kuutupia uchafu msala wa Wesha, kama kwamba Mola wa pande hizi mbili si mmoja. Tulimuomba radhi. Hakuongeza neno la kutuumiza. Alisema tu, "Mwambieni mwanangu ale. Mengine niachieni mimi na Mola wangu." Akaaga, akaondoka.

Siku iliyofuata tulimwita mtoto, tukamwambia kuwa mzee wake ni mtu aliyetukosoa kwa haki, na sisi walimu tumemshukuru. Tulimuona uso wake ukibadilika. Tunadhani hilo lilimfaa kuliko fatwa.

Ijumaa asubuhi, maji yalipotoka, walimu watano na wanafunzi waliotaka tulikwenda Wesha kuokota tulichokiacha. Tulipokuwa kwenye tope, yule mzee alikuja. Alikunja suruali yake, akashuka, akatuonesha namna chupa zinavyojificha nyuma ya mizizi ya mikoko ambako jicho la mgeni haliwezi kufika. Tulifanya kazi pamoja mpaka karibu ya kujiandaa kwa sala ya Ijumaa. Hakuzungumza habari ya sehemu iliyofungwa, nasi hatukumuuliza. Safari hii magunia tuliyapeleka wenyewe mpaka jaani.

NASAHA KWA WANAFUNZI NA WAZEE

Kutokana na ziara hii tunapenda kunasihi yafuatayo, tukianza na nafsi zetu:

1. Tuitunze bahari na fukwe zote kama mtu anavyoutunza msala wake, na si zile tu zinazoitwa hifadhi.

2. Kazi njema ifikishwe mwisho wake. Takataka iliyookotwa na kuachwa njiani haijaokotwa.

3. Watoto wasiwahukumu wazee wao. Mwenye swali aje kwa walimu wake kwa adabu, kama alivyofanya mwenzao.

4. Wazee wavuvi, tunajua uzito mlionao. Mnapokubaliana jambo katika mikutano, saidianeni kulisimamia, ili asiyevunja ahadi asijione mjinga.

5. Walimu tusiogope kusema "hatujui, tutauliza". Swali la mtoto ni amana.

Yule bibi wa mwanzo alikuja Wesha kutupokea siku tuliyorudi. Alisimama ngazini tangu alasiri. Alipomuona mjukuu wake akishuka na koti lake la kujiokolea halijavuliwa, alisema "Alhamdulillah" mara tatu, kisha akamuuliza ameona nini. Mtoto akamjibu, "Bibi, nimesali juu ya msala mkubwa kuliko yote." Bibi akacheka huku akifuta machozi, wakaenda zao.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu ndugu zetu wote waliopotelea baharini, awaruzuku wavuvi wetu riziki ya halali iliyo pana, atusamehe tulipokosea, na ajaalie watoto wetu wawaone kasa wa miaka 30 ijayo wakipanda pwani ya Misali. Amin.

Wabillahi tawfiq.